Madoa Kwenye Aivi ya Jost

Jumatatu, 3 Oktoba

Sikukuu ya taifa. Maduka yamefungwa, mji umelala. Mimi nimekwenda makaburini kama kawaida. Reinhild aliniona navaa buti akasema nimeoa makaburi, yeye ni mpangaji tu humu ndani. Nikamwambia mpangaji hapigi kelele namna hiyo. Akanirushia soksi.

Nilitaka kufagia tu. Lakini kwenye kaburi la dada wawili Lütkehaus – wale walimu wa zamani ambao hawakuacha mtoto wala mpwa – aivi ina madoa. Nikadhani ni matope. Nikasugua kwa kidole, hayatoki. Meusi, mengine ya mviringo, mengine yamejibana kwenye pembe za mishipa ya jani. Sikuyapenda.

Miaka yote ninayotunza makaburi haya ya Ostervelde, aivi haijanisumbua. Waridi husumbua. Begonia hudeka. Aivi unaipanda juu ya kaburi, inatambaa, inafunika udongo, basi. Theluji ikija bado ni ya kijani, na watu wanafarijika. Ndiyo maana karibu kila kaburi hapa limevikwa aivi. Na sasa nimekaa kitandani nawaza majani.

Ijumaa, 7 Oktoba

Joto la ajabu kwa mwezi huu, na manyunyu kila asubuhi. Madoa yamefika safu ya kisimani, kisha yamerukia upande wa kanisani. Katikati kuna makaburi mazima kabisa. Yanarukaje?

Nimeamua ni kuvu. Doa jeusi ni kuvu, ndivyo nilivyofundishwa nilipokuwa najifunza kazi, na ndivyo ninavyowaambia watu. Nikachanganya dawa, nikabeba bomba mgongoni, nikapulizia hadi majani yakachuruzika.

Bibi Alwine Terhorst akapita na kikapu chake. Huyu huja kila siku ya Mungu baada ya misa. Mtoto wake Jost yuko pale ukutani tangu alipoanguka na pikipiki, akiwa na miaka kumi na tisa.

"Ansgar, leo unawaogesha wote?"

"Wanaumwa, Bibi. Majani yao yanaumwa."

"Basi nioshee na wa kwangu asije akaona wivu."

Nikapulizia na kwa Jost, ingawa kwake sikuona kitu. Alinishukuru mara mbili.

Jumapili, 9 Oktoba

Baada ya kanisa nilipitia ukutani. Nimekaa pale hadi chakula kikapoa nyumbani.

Aivi ya Jost ndiyo kubwa kuliko zote hapa. Bibi Alwine alileta kijiti kutoka nyumba yao wiki ile ya mazishi, akakichomeka mwenyewe. Kikafunika kaburi, kikaukamata ukuta wa matofali ulio nyuma, kikapanda hadi juu kabisa. Na kule juu mmea ule ule unabadilika! Chini majani yana pembe kama nyota. Juu hayana pembe tena, yamekuwa laini na ya duara, na mmea unatoa maua. Huku chini ni mtoto, kule juu ni mtu mzima, na shina ni moja. Nimeliona hilo maisha yangu yote na bado leo nilisimama mdomo wazi.

Maua ya kijani kibichi, hata si mazuri. Lakini nyuki! Nyigu, vipepeo wekundu, nzi wa kila rangi. Kila kitu kingine kimekwisha kuchanua, kwa hiyo wamejaa hapa wote. Ukuta mzima unavuma. Ukiweka kiganja kwenye tofali unausikia mvumo mkononi.

Halafu nikainama, nikaona. Jani moja. Kisha jingine. Madoa yamefika kwa Jost.

Jumatano, 12 Oktoba

Nimepulizia tena. Yamezidi. Kila nikipulizia yanazidi, kana kwamba nayanywesha.

Kwa Jost sasa majani ya chini yote yana madoa. Bibi Alwine ameyaona. Alipitisha kidole juu ya jani moja, taratibu. Kisha akauliza kama itapona kabla ya Watakatifu Wote. Siku hiyo ya kwanza ya Novemba kila familia husimama kwenye kaburi lake, mishumaa inawashwa, padri anapita akibariki. Kaburi bovu siku hiyo ni aibu ya ukoo mzima. Nikamwambia itapona. Nimesema hivyo bila kujua lolote.

Reinhild, jioni, akimenya viazi: kwa nini nisipeleke majani kwa watu waliosomea? Nikasema najua ninachofanya. Akasema naona, na majani nayo yanaona.

Ijumaa, 14 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Nimekwenda mjini, kituo cha magonjwa ya mimea. Nikapokewa na Daktari Sünje Petersen, mwanamke mrefu, mtu wa pwani ya kaskazini, hacheki ovyo. Nikaweka mfuko wa majani mezani nikasema, "Kuvu."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Haya mzee, tuone kati yako na jani nani muongo."

Akaliinua jani dirishani. Nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwa sababu siku zote nalitazama jani kutoka juu: kuzunguka kila doa kuna pete ya njano, na ukingo wa doa unapitisha mwanga, umelowa kama karatasi iliyodondokewa mafuta. Akasema kuvu niliyemfikiria mimi huacha vinukta vyeusi katikati ya doa, kama pilipili manga. "Nionyeshe kinukta kimoja." Sikukipata. Nilitafuta kwa lenzi hadi nikaona aibu.

Kisha akakata kipande chembamba mno kwenye ukingo wa doa, akakiweka ndani ya tone la maji, akafunika kwa kioo, akanisogezea hadubini. "Tazama. Na usiguse meza."

Mwanzoni niliona vyumba vidogo vya kijani, vimepangwa kama matofali. Nikasema pazuri. Akasema subiri. Na pale penye mkato, moshi ukaanza kutoka. Moshi mweupe, polepole, unamiminika kutoka ndani ya jani kuingia majini. Hauishi. Nikauliza ni nini ule. Akasema, "Ndio hao. Bakteria. Kila chembe ya moshi huo ni kiumbe mzima."

Mamilioni. Ndani ya doa la ukubwa wa dengu! Nilisahau kupumua. Nikafikiria watu wote niliowazika, na waliozikwa na walionitangulia, na wa kabla yao, wote tangu kanisa lijengwe – hawafiki hata nusu ya wale waliokuwa wakitoka kwenye kijipande kile. Na hawana haraka. Wanatoka tu na kutoka. Machozi yalinilenga, sijui kwa nini. Ni adui zangu, na niliwaona wazuri.

Nikauliza wataendelea hadi lini. "Hadi uchoke wewe." Nilitazama hadi shingo ikauma, naye akaniacha, akaenda kunywa kahawa yake.

Aliporudi alinisomea. Dawa ya kuvu haiwagusi. Maji yale ya bomba langu la mgongoni ndiyo yaliyowapa usafiri bure. Kinachofaa: kukata kila chenye doa, kuchoma, kuacha mmea ukauke. Mkasi uoshwe kwa spiriti kila baada ya kaburi. Maji yaende kwenye udongo, asubuhi, kamwe si juu ya majani. Dawa ya shaba huzuia kidogo, haiponyi. Na nichunguze vijiti: vikiwa na vidonda nikate chini yake. Kidonda kikifika shina kuu, hakuna cha kukata tena, ni kung'oa.

Nikamwuliza wametoka wapi. Akaniuliza kama nilipanda miche mipya mwaka huu. Nilipanda. Mwezi wa Aprili, kwa dada Lütkehaus, baada ya fundi kuchimba bomba. Akatikisa kichwa tu.

Mlangoni akaniambia: "Hawana miguu, hawana mabawa. Wakivuka makaburi mazima na kwenda mengine, wamebebwa. Kama si maji ni chombo. Kama si chombo ni mkono. Tafuta mkono."

Reinhild aliponifungulia alisema nimerudi na uso wa mtu aliyetokewa na malaika. Nikasema bakteria. Akasema kwako ni yale yale.

Jumatatu, 17 Oktoba

Nimekata siku nzima. Mkasi, spiriti, mkasi, spiriti. Vidole vinanuka duka la dawa. Nimechoma majani nyuma ya ukuta, moshi wake mzito na mchungu.

Nikiwa nakata nilianza kuona mpangilio. Wagonjwa ni akina nani? Dada Lütkehaus. Askari asiyejulikana jina. Masista wa hospitali ya zamani. Vichanga wa pembeni. Yule mpiga kinanda mgeni. Wote, ukimtoa Jost, ni watu wasio na mtu. Makaburi yenye wajukuu na mashada hayana doa. Ugonjwa gani huu unaowachagua wapweke?

Ila mmoja. Kaspar Tenbrink naye hana mtu. Alikuwa na karakana ya pikipiki, ndiye aliyemuuzia Jost ile pikipiki, na mji mzima ulisema alijua breki zake hazifai. Hakushtakiwa. Alizikwa na padri, mimi na wabeba jeneza. Hakuna anayesimama pale. Na aivi yake, wallahi, haijaguswa. Kila jani zima, kijani cha chupa, kaburi zima linapendeza kuliko la meya. Nilizunguka mara mbili nikitafuta doa moja tu. Hakuna.

Jumatano, 19 Oktoba

Nimeujua mkono.

Nilikwenda ukutani kwa Jost kupima ugonjwa umepanda hadi wapi. Una mstari! Chini ya mstari, madoa. Juu ya mstari, hakuna hata moja, majani yanang'aa, nyuki wanavuma kama siku ile. Mvua inapiga ukuta wote sawasawa, hivyo si mvua. Nikanyoosha mkono wangu juu: ukapita mstari kwa mbali. Mtu mfupi kuliko mimi. Nikakaa kwenye ukingo wa kaburi.

Na hapo lango likalia. Bibi Alwine na kikapu chake. Nikasogea nyuma ya kisima, sijui kwa nini nilijificha kwenye kazi yangu mwenyewe.

Akatoa chupa ya bia iliyobaki ya jana, akalowesha kitambaa, akaanza. Huku kwetu akina bibi wote hung'arisha majani ya nyumbani kwa bia, lakini yeye ndiye pekee anayefanya hivyo makaburini, ili yametemete mishumaa ikiwashwa. Analiweka jani kwenye kiganja, anapangusa juu, anapangusa chini, kama mama anayemfuta mtoto uso. Huku anaongea. Anamwambia Jost nani kaoa, paa la nani linavuja. Jani kwa jani hadi mkono usipofika tena.

Kisha akainuka, akaenda kwa dada Lütkehaus. Kitambaa kile kile. Akaenda kwa askari. Kwa masista. Kwa vichanga, hapo akakaa sana. Nikasikia akisema, nani atawafuta ninyi nisipowafuta mimi. Kwa Tenbrink akapita bila kugeuza shingo.

Namwona na kitambaa hicho kila mwaka majani yakianza kupukutika. Nimekiona hadi macho yangu yameacha kukiona. Mtu mwema kuliko wote katika mji huu, na amepita akigawa ugonjwa kwa upendo, kaburi hadi kaburi. Sijawahi kuona kitu kama hiki.

Jumamosi, 22 Oktoba

Ukungu mzito. Majani hayakauki.

Reinhild: "Mwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba mapenzi yake yana vijidudu?"

"Mapenzi yote yana vijidudu, mzee wangu. Ndiyo maana tunanawa mikono."

Akasema nisipomwambia mimi atamwambia yeye, na yeye hana maneno laini. Nikamwomba siku mbili.

Nimewaza ujanja. Kumbadilishia kitambaa. Kumwibia chupa. Kumwambia parokia imekataza bia. Yote ni ya kitoto. Nimegundua kidonda kwenye kijiti kimoja cha Jost, kirefu cheusi, kimepasuka katikati. Nimekata chini yake. Kutoka pale hadi shina kuu ni shubiri tu.

Jumatatu, 24 Oktoba

Nilimfuata. Akanipa keki ya plamu aliyooka. Nikala vipande viwili nimesimama. Nikamwambia ni tamu. Nikaondoka.

Mwoga mkubwa.

Alhamisi, 27 Oktoba

Nimemwambia. Niandike yote nisije nikayabadilisha kichwani.

Yeye ndiye aliyeanza. "Ansgar mwanangu, wiki nzima unanizungukazunguka kama mtu aliyevunja kikombe. Sema."

"Kile kitambaa, Bibi."

"Kina nini? Kisafi. Nakifua kila Jumamosi."

"Kinabeba ugonjwa. Wa majani. Kutoka kaburi hadi kaburi."

Alikitazama kitambaa, hakunitazama mimi. Nikamweleza yote: hadubini, moshi mweupe, miche ya Aprili. Nikamwambia ugonjwa nimeuleta mimi, yeye ameubeba tu bila kujua. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hata daktari angeliuliza: "Unajuaje si mvua? Mvua nayo inawagusa wote."

Nikamwonyesha mstari ukutani. Akanyoosha mkono wake. Vidole vyake vikafika pale pale.

"Mvua nayo hurusha matope ya chini," akasema. "Matope hayapandi ukuta mzima."

Hakuwa mjinga, wala hakuwa tayari kukubali. Nilikuwa na ushahidi mwingine, na sikutaka kuutumia. Nikamshika kiwiko nikampeleka kwa Tenbrink.

Hajawahi kusimama pale. Niliuona mwili wake ukikataa, lakini akaja. Akavaa miwani. Akainama, akatazama jani moja, la pili, akafunua ya chini kwa ncha ya fimbo.

"Huyu nani anampangusia?"

"Hakuna."

"Hakuna," akarudia.

Halafu akaanza kucheka. Mwanzoni nilidhani ni kikohozi. Alicheka hadi akalishika jiwe la Tenbrink asianguke. "Nimemnyima kitambaa miaka yote hii kumkomoa. Kumbe nilikuwa namtunza!" Mimi nami nikacheka, ilinitoka tu.

Kicheko kikakatika. Akanishika mkono wa koti. "Na Jost nimempaka mwenyewe. Kwa mkono huu."

Nikasema aivi si Jost, Bibi.

"Wewe una kazi hapa, Ansgar. Mimi nina mtoto hapa."

Ndege walikuwa wakigombania kitu kwenye uzio. Baadaye akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeko kwenye foleni ya hospitali, inahitaji nini.

Nikamwambia: majani yote chini ya mstari yakatwe, na ya juu ya kaburi pia. Libaki shina kuu tu, linyweshe yale ya juu, kama bado ni zima. Na paachwe pakavu. Pasiguswe.

"Watu watamwona yuko uchi. Siku ya Watakatifu Wote."

"Watamwona."

"Na nisimguse."

"Usimguse, Bibi. Kwa muda."

Akakunja kitambaa mara nne, akakitia kikapuni. "Basi kata. Lakini mimi niwepo."

Jumamosi, 29 Oktoba

Kumekauka hatimaye, na upepo. Tumekata.

Aliniletea kiti chake cha kukunja, akakaa mikono ndani ya mifuko ya koti tangu mwanzo hadi mwisho. Kila nilipotazama nyuma nilikuta anautazama mkasi. Wakati mmoja aliniambia: "Spiriti." Nilikuwa nimesahau. Baada ya hapo alisema "spiriti" kabla sijafikia chupa.

Majani yakaanguka, na chini yake nikaona kitu ambacho hakuna mtu amekiona tangu kijiti kile kichomekwe. Shina. Nene kuliko kifundo cha mkono wangu, limejisokota, limeota vizizi elfu vidogo vilivyoingia kwenye kila mpasuko wa tofali. Ukuta ule una nyufa za zamani. Sijui sasa ni ukuta unaoibeba aivi au aivi inayoubeba ukuta. Bibi Alwine aliinuka kitini akaja karibu. Alisema taratibu, "Amekuwa mkubwa hivi?"

Nikakwaruza gamba kwa ukucha, sehemu ya chini kabisa. Tukashikilia pumzi wote wawili. Chini ya gamba: kijani! Kibichi, chenye maji, hakina hata alama ya weusi. Nikapanda, nikakwaruza kwenye mstari. Kijani. Shina kuu ni zima.

Alifumba macho. Midomo ikatembea, nadhani alisali.

Nikamweleza bado hatujavuka. Kila nilipokata ni kidonda kilicho wazi, na udongoni kuna vijipande vyenye ugonjwa ambavyo sikuviona. Maji yakirukia pale, wataingia moja kwa moja shinani. Tunahitaji ukavu hadi vidonda vifunge.

"Maji kiasi gani?"

"Hata tone, Bibi."

Nilisema hivyo kwa sababu namjua, ukimwachia upenyo ataleta ndoo ya kumwagilia. Nilizidisha. Tone moja si kitu.

Jumanne, 1 Novemba

Jua! Anga safi kabisa. Naandika nikiwa ndani ya kibanda cha zana, dirisha linatazama safu ya ukutani. Reinhild alitaka nisimame nje na watu. Nimeshindwa. Kaburi la Jost liko wazi kama kidole kilichong'olewa kucha, udongo mtupu na shina lile, na kila anayepita anapunguza mwendo. Nimesikia mmoja akimwuliza mwenzake kama mtunza makaburi amelewa.

Mji mzima umekuja. Makoti meusi, mishumaa myekundu, tarumbeta za kikundi cha kanisa. Makaburi niliyoyakata ya wasio na mtu, mtu ameyawekea mishumaa, moja moja, asubuhi sana. Najua ni nani. Tenbrink naye ana mshumaa wake. Nilipita pale mara mbili kuhakikisha.

Bibi Alwine ameingia akiwa na mwavuli. Mkubwa, mweusi, wa mume wake. Reinhild alimtania langoni, Bibi leo kuna jua. Akajibu nina macho. Amesimama kwa Jost peke yake, na ule mwavuli ameuegemea kama fimbo. Majirani wa kaburi wamemwachia nafasi.

Padri Ludger anakuja kwenye safu. Ndoo ya maji ya baraka mkono wa kushoto, brashi mkono wa kulia. Anachovya, anarusha, anasema maneno yake, anasogea. Anarusha kwa nguvu, siku zote anarusha kwa nguvu, watu wazima wanafumba macho na watoto wanacheka. Anachovya. Anarusha. Kaburi moja zaidi kisha kwa Jost.

Nimeelewa sasa.

Ameufungua mwavuli. Ameukunjua juu ya kaburi, juu ya shina, amenyoosha mikono yote miwili mbele. Yeye mwenyewe kichwa kiko juani.

Watu wamegeuka. Tarumbeta bado zinapiga lakini moja imepotea njia. Padri amesimama mbele yake, brashi juu, maji yanamdondokea kwenye kiatu. Naona midomo yake. Alwine, ni maji ya baraka. Naona kichwa cha Bibi kikisema hapana. Mwanamke huyu hajakosa misa hata siku za theluji. Hajawahi kumnyima Jost baraka hata mwaka mmoja.

Padri anasema tena, anainama karibu yake. Ameushusha mkono wa brashi kidogo, kisha ameuinua.

Naweza kutoka sasa hivi. Ni hatua chache. Nimwambie nilizidisha, matone ya padri hayana neno, hayalowanishi hata vumbi la juu. Reinhild amenitafuta kwa macho hadi amenipata dirishani, anatikisa kichwa kuelekea ukutani: toka, wewe. Nimeshika kitasa kwa mkono mmoja na kalamu kwa mwingine.

Nyuki wawili watatu bado wako kule juu kwenye maua. Mikono ya Bibi imeanza kutetemeka kwa uzito wa mwavuli. Haushushi.